Saladi Isiyopikwa

Punje ya mahindi ikidondoka kwenye sahani ya kauri hulia ting, na Jumamosi wanachama wote wa chama chetu tuliokutana Lavington, Nairobi, tuliisikia. Shemeji aliitema kwa adabu, akaifunika na karatasi ya mezani, kisha akauliza kama tulialikwa kula au kucheza bao.

Kosa ni la mama mmoja wa Marekani niliyemtazama kwenye video ya simu. Alisema: chukua mahindi meupe yaliyokobolewa, nyanya, kitunguu, hoho, dania na ndimu, changanya, jiko usiwashe kabisa. Mahindi meupe yaliyokobolewa ni nini kama si muthokoi? Niliteremka soko la Marikiti, nikachagua muthokoi mweupe pe, nikauloweka usiku kucha. Asubuhi ulikuwa umevimba na kung'aa, laini kwa macho tu.

Kumbe mwenzetu anafungua kopo, na ndani ya kopo mahindi yalishachemshwa kitambo. Tena hayakuchemshwa hivi hivi. Wenyeji wa Meksiko waligundua zamani kwamba ukiyachemsha kwa maji ya chokaa au jivu, ganda hulegea likatoka kwa urahisi, punje ikafura, na vitamini B3 iliyofungwa ndani ikaachiliwa. Wazungu walipoyabeba mahindi kwenda kwao waliliacha jivu. Kufikia 1735 daktari Gaspar Casal alikuwa anawaona wakulima maskini wa Hispania wakibambuka ngozi kwa ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, uliokuja kuitwa pelagra, ambao humaliza hata akili. Ukawaangamiza watu kusini mwa Marekani pia, hadi serikali ikamtuma daktari Joseph Goldberger kuuchunguza mwaka 1914. Alipowaambia kwamba tatizo ni chakula wala si vijidudu, wengi walimbishia. Ukambani ganda hutolewa bila jivu: mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni mpaka ganda litoke, yakapepetwa. Ila ganda kutoka si kuiva. Muthokoi unadai saa kadhaa motoni pamoja na mbaazi au maharagwe, na hilo video haikulitaja.

Kitunguu nacho hakikuoshwa kwa chumvi, shangazi akalia mbele ya wageni. Wakati wa kurudi mimi nilishukia mjini, bakuli langu nikalisahau kwenye matatu, likaishia Kawangware.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetumwa huko huko Kawangware kuokoa karamu. Kando ya barabara kuna mama anayeuza githeri, yaani mahindi na maharagwe, iliyokwisha kuchemshwa, anapima kwa kikombe. Niliichanganya na kachumbari yangu, ikaisha hata kabla ya soda kufunguliwa. Wageni wakasifu: rahisi, tamu, na haijapikwa!

Hapo nilikasirika kweli. Haijapikwa na nani? Yule mama aliwasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri, kwa makaa anayonunua mkebe kwa mkebe kwa sababu gunia hawezi. Na aliyenituma alinisisitizia nimwombe apunguze bei. Mtu huyo huyo akikuta kopo la mahindi kutoka ng'ambo kwenye duka kubwa la Westlands hulipa kwa M-Pesa kimya kimya, hata risiti haisomi. Mahindi yetu yanaombwa punguzo, ya kopo yanapewa heshima.

Zamu ijayo wamependekeza tena "ile saladi yako ya haraka". Nimewatumia bei, nikaandika makaa kwenye mstari wake. Mpaka sasa mweka hazina ameisoma na hajajibu.