Bariere Haina Haraka

Mdogo wangu, unarudi Kivu, mashariki mwa Kongo, kuliona shamba la baba? Kaa kwanza. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walitangaza kuwa wamehesabu vizuizi vya barabarani, yaani bariere, 798 katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, na mgeni anayefika kwenye bariere huhesabiwa jasusi kwanza, salamu baadaye.

Moja. Askari wa bariere mpandishe cheo. Mwenye nyota moja ni "komanda", kadogo, yaani askari mdogo, asiye na nyota ni "shefu". Cheo cha bure hakikataliwi.

Mbili. Karatasi yako akiishika kichwa chini, usimgeuzie. Mwambie, "Kama unavyoona, shefu." Umemsitiri mbele ya wenzake, naye atakusitiri.

Tatu, na hapa tega sikio. Ukilipa utapewa jetoni, kikaratasi cha kuonyesha umelipa, nawe utataka kuitunza ili usilipe tena. Itunze mpaka mwisho wa eneo la kundi hilo, kisha itafune, izike au itupe mtoni. Jetoni ya waasi wa M23 ikikutwa na wanamgambo wa Wazalendo si risiti tena, ni ushahidi kwamba umelisha adui. Watu wameponzwa na kikaratasi kidogo kuliko kiganja. Noti nazo zigawe: ndogo mfuko wa shati, nyingine ndani ya unga. Ukitoa kubwa, usingoje chenji.

Nne. Jibu fupi. Unakwenda wapi? Mazishini. Basi, nyamaza. Askari wa serikali msalimu "mbote", halafu rudi kwenye Kiswahili. Lingala tamu mno itamfanya aulize ulijifunzia kambi gani. Mtoto alale, au ajifanye amelala.

Ukirudi salama Malawi, ujanja huo uache Kivu. Kati ya kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka na Lilongwe polisi hahitaji kuitwa komanda, anataka kibali cha kutoka kambini. Mei 2023 mamia ya wakimbizi walikusanywa Lilongwe, watoto wakiwemo, wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kurudishwa kambini. Kwa hiyo usijifanye Mmalawi. Chichewa chako kitakusaliti kwenye sentensi ya pili. Sema "Muli bwanji, bwana, ndikuchokera ku Dzaleka," kibali kikiwa tayari mkononi. Na ukisafiri na binti yako anayesoma shule ya kambini, mkalishe dirishani, macho wazi. Yeye Chichewa anakizungumza kama lugha ya kwao, na askari akishaanza kucheka naye, wewe utaulizwa kwa upole.