Pesa za Vita Kwenye Kabati la Vyombo

Nyumbani kwetu Isevya, mjini Tabora, pesa halali hulala popote: juu ya friji, chini ya kitambaa cha meza, ndani ya kopo la majani ya chai. Pesa zisizonunua hata kiberiti ndizo zenye kabati na kufuli, na ufunguo wake huvaliwa shingoni na mume wangu, Baba Nuru. Kabati lenyewe lilikuwa langu, la vyombo vya wageni. Alipoamua kwamba vita vya 1914 vinahitaji nafasi zaidi, vikombe vyangu vya maua vikahamia kwenye boksi chini ya kitanda, na wageni siku hizi wanakunywa kwa vikombe vya plastiki.

Baba Nuru ni mstaafu wa reli, fundi wa karakana. Wenzake walipolipwa kiinua mgongo walinunua bodaboda wakaajiri vijana, wengine wakafuga kuku wa mayai. Yeye alianza kuzunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu akiuliza sarafu za Mjerumani. Sikumshangaa sana, maana kisa chenyewe kilianzia kazini kwao: mwaka 1916 ilikuwa karakana ya reli ya mji huuhuu iliyogeuzwa kiwanda cha kufua sarafu. Reli ilikuwa imefika Tabora 1912 tu. Basi kwake yeye kila sarafu ya Tabora ni kazi ya mikono ya fundi mwenzake, na fundi hatupi kazi ya fundi.

Ukimpa nafasi atakueleza yote, ukimnyima atakueleza vilevile. Kabla ya vita, sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilifuliwa Berlin na Hamburg zikaletwa kwa meli, ndiyo maana nyingi zina herufi A au J. Vita vilipowaka, manowari za Waingereza zikaziba pwani. Wenye akili zao wakafukia rupia za fedha wakangoja mambo yatulie. Serikali ikabaki na askari na wapagazi wanaodai, na sanduku tupu. Kuanzia 1915 ikachapisha noti za muda hapahapa nchini, na mwaka uliofuata ikafua Tabora heller 5 na heller 20, pamoja na rupia 15 ya dhahabu iliyochimbwa Sekenke, huko Iramba. Sarafu hizi zote zina herufi T. Ile ya dhahabu ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na zilifuliwa 16,000 na ushei tu.

Tembo tuliye naye sisi ni bandia. Halisi ana uzito wa gramu 7 na kitu; wa kwetu tulimpeleka kwa sonara akapanda mizani na hakufika hata 5. Baba Nuru alisema mizani ya sonara haiaminiki. Sonara alisema maneno ambayo sitayaandika.

Kwa hiyo nguvu zote zikaenda kwenye heller 20. Jioni, umeme ukiwapo, anakaa na kioo cha kukuzia akitazama ncha ya herufi L. Sifanyi mzaha. Zipo za taji kubwa na za taji dogo. Zipo ambazo ncha ya L imejikunja na ambazo imechongoka. Zipo za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na uzito wake haulingani kwa sababu mafundi walitumia chuma chochote walichopata. Mtu anayeshindwa kuona kwamba mtungi wa gesi umekwisha anaona mkunjo wa L usiozidi unene wa uzi.

Sasa aje Bibi.

Mama mkwe wangu aliletwa kutoka Urambo kutolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulikwenda salama, tena salama mno. Mwanamke aliyekuwa akipapasa ukuta alifunguliwa bandeji akaanza kuona buibui pembeni ya dari, mafuta nyuma ya jiko na ukungu kwenye kola za wajukuu. Alisafisha nyumba yangu kwa ghadhabu ya mtu aliyefichwa mambo kwa miaka. Na siku moja Baba Nuru aliitwa haraka kwenye mazishi, akaacha sinia lake barazani, sarafu zote zimepangwa, nyeusi tii.

Bibi alikata ndimu. Akachota majivu. Akachukua waya wa kusugulia masufuria. Niliporudi sokoni nilikuta zimeanikwa juu ya khanga yangu uani, zinametameta, na Bibi anasugua ya mwisho huku anaimba.

"Mtu mzima anaweka pesa chafu namna hii," akaniambia. "Wageni watasema mwanangu kaoa mvivu."

Kwa hiyo alikuwa ananitetea mimi. Ningesema nini?

Baba Nuru alirudi, akasimama mbele ya khanga, kisha akakaa juu ya kinu. Wakusanyaji wana amri kubwa kuliko zote: sarafu haioshwi. Ule weusi ndio cheti chake cha kuzaliwa. Ukiukwangua, mnunuzi anakutazama kwa huruma na kukupa bei ya chakavu. Mimi ni Mzaramo, na Wanyamwezi kama yeye ni watani zetu tangu enzi za misafara, kwa hiyo nilikuwa na haki yangu ya kucheka, nikaitumia. Lakini lazima niseme na la upande wa pili. Zikiwa nyeusi, yeye mwenyewe alikuwa akiamini zote ni za shaba ya manjano. Majivu ya Bibi yalifichua kwamba baadhi ni nyekundu, ambazo zilifuliwa chache zaidi. Alizitenga kwa mkono unaotetemeka, asijue alie au amshukuru mama yake. Bibi hakungoja. Alidai sabuni ya kunawia.

Kumbe zilipokuwa zikikauka juani, mji mzima ulipita. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika mtaa wa Ng'ambo: Baba Nuru anaanika rupia.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa kilichofuata. Nchi hii ina imani, na juu ya imani hiyo wamejenga matapeli wengi, kwamba iko rupia ya Mjerumani yenye nguvu, inayovuta punje za mchele, na kwamba yuko tajiri ng'ambo anayeitafuta kwa mamilioni. Walikuja watatu kwa gari safi. Mmoja alivaa suti, mmoja alibeba simu nne, wa tatu alikuwa na mchele ndani ya leso. Wakaweka heller 20 mezani, wakamwaga punje pembeni, wakanyamaza. Sote tukanyamaza. Mchele ukakaa ulipomwagwa.

"Mchele huu umekaa sana," akasema wa suti. "Mnao mwingine?"

Bibi akawaletea kikombe. "Huu ni wa Nzega. Lakini hauendi popote bila maharage."

Wangekuwa waungwana wangeondoka. Badala yake waligundua, kwa elimu wanayoijua wenyewe, kwamba sarafu zetu ni ishara tu, na kwamba sanduku lenyewe liko chini ya mwembe uani. Uongo wao ulikuwa na kipande cha kweli, na hapo ndipo uliponoga: Wajerumani waliondoka Tabora kwa haraka mwezi Septemba 1916, jeshi la Kongo ya Wabelgiji likaingia tarehe 19, na jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye akapewa ubaroni wenye jina la mji wetu. Anayekimbia huacha vitu. Baba Nuru alikataa kata kata, kwa kuwa alijua kilichofuliwa hapa kilikuwa cha kulipia watu na si cha kufukia. Lakini alikosea kukataa mbele ya mdogo wake, Shabani, ambaye kwa hesabu zake mwembe huo ni wa urithi.

Tukaitwa msibani Urambo, tukalala huko. Tuliporudi, mwembe ulikuwa umesimama kwenye ukingo wa shimo lenye maji. Bomba lilikuwa limepasuka. Baba mdogo Shabani alikaa juu ya kifusi, amelowa, anaeleza kwamba wenzake wamekwenda kuleta kipimo kingine na watarudi jioni. Mpaka leo jioni hiyo haijafika. Vilivyofukuliwa vilipangwa juu ya gunia: betri, mfuniko wa birika, mfupa wa ng'ombe na kijiko changu kimoja cha seti, ambacho nilikuwa nimemsingizia shemeji.

Bibi ndiye aliyekuwa amebaki nyumbani. Nilimuuliza kwa nini hakuwazuia.

"Niwazuie vipi, na walikuwa na njaa?" Alikuwa amewauzia chai na maandazi, asubuhi na mchana, pamoja na watazamaji. Katika biashara yote ya Mjerumani iliyopita nyumba hii, faida pekee niliyoiona kwa macho yangu ni hiyo, nayo ilikwenda kwa watu wa maji waliokuja kuziba bomba.

Nilidhani tumemaliza. Nilisahau noti.

Ipo moja tu anayoiheshimu kuliko tembo. Ni rupia 5 ya mwaka 1917, aliyoipata kwa mzee mmoja wa Masasi kwa kubadilishana na redio yetu. Tabora ilipoanguka Wajerumani walirudi kusini, hawana tena mtambo wa maana, na bado walikuwa na watu wa kulipa. Wakagonga noti porini kwa herufi za mpira, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Itazame kwa karibu: mstari unaanza juu unaishia chini, herufi moja imekolea na jirani yake imefifia, wino umevuja. Mpagazi aliyebebeshwa mzigo wa kuvunja mgongo alikabidhiwa kitu hiki akaambiwa ni mshahara. Vita vilipokwisha, wengi walibaki nazo mkononi. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, nazo zikawa za kuwashia moto. Hapo huwa simcheki Baba Nuru. Huwa nafikiria yule aliyeipeleka dukani.

Mjukuu wetu Idrisa, darasa la sita, hakufikiria hayo. Mwalimu wa historia alikuwa amewaagiza wachore kitu kilichotumika wakati wa ukoloni. Mtoto huyu mikono yake haichori hata duara. Usiku babu alipovua mkufu kwenda kuoga, Idrisa akafungua kabati, akaichagua ile iliyofanana zaidi na kazi ya mtoto, akaibandika daftarini kwa uji wa muhogo.

Daftari lilirudi Ijumaa. Juu ya noti yenyewe, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika: *Umejitahidi. Tumia rula. 6/10.*

Jumatatu tulikwenda shuleni, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika daftari asije akalitumia kama silaha. Mwalimu ni kijana mpole. Alituamkia, akatupa viti, akasikiliza Tabora, manowari, herufi za mpira na redio. Akaomba radhi kweli kweli. Kisha akafikiri.

"Kwa hiyo mzee, hii ni halisi?"

"Halisi kabisa!"

"Basi Idrisa hakuchora. Na kazi ilikuwa kuchora. Itabidi nimpe sifuri, na kumwadhibu kwa udanganyifu."

Idrisa alikuwa dirishani, macho yamemtoka. Baba Nuru alimtazama mjukuu, akaitazama noti, akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Mtu huyu amegombana na sonara, na ndugu yake na mizani kutetea uhalisi wa vitu. Alikohoa.

"Mtoto amechora," akasema. "Mwenyewe. Lakini mwalimu, sita ni kidogo."

Mwalimu akafungua kalamu, na kabla hatujamzuia akaikata 6 akaandika 7.