Muulize Hajji: Uso Mkavu Mbele ya Televisheni

Hajji, kuna kichekesho kipya kwenye televisheni. Waigizaji ninaowapenda wamo wote, lakini sehemu ya kwanza imekwisha sijacheka hata mara moja. Mume wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Je, mimi ni mgonjwa? — Uso Mkavu, Oli.

Mwanangu, kwanza tuelewane: Hajji ni jina la heshima tu. Safari yangu ya mbali iliishia Karuma, nyani waliponipokonya mkate. Ila kwa mambo ya maigizo, Arua hii ya Uganda hakuna wa kunifikia. Mji ulifanywa jiji Julai 2020, Oli yetu ikatiwa ndani ya Arua Central, lakini mwenye shida haulizi Central iko wapi. Anauliza kwa Hajji wa Oli.

Ulisema unaumwa wapi? Ah, kicheko.

Mimi niliigiza mbuzi shuleni Koboko. Mbuzi yule hakuwa na maneno, ila "mee" tatu, nami nilizitoa kwa ufundi hata mama mmoja wa kiti cha mbele akaanza kutafuta kamba. Mwaka uliofuata nikapewa ufalme. Nikavaa joho la pazia, nikaketi, nikafungua kinywa nitoe hukumu. Ukumbi mzima kimya. Wanasubiri "mee".

Ugonjwa wako ni huo. Kichekesho cha Papa Shirandula kilipoanza Citizen TV ya Kenya mwaka 2007, Charles Bukeko alikuwa mlinzi wa getini anayejifanya mtu wa ofisini. Akaigiza mpaka jina lake likamezwa. Alipofariki Julai 2020, watu walimlilia Papa. Wenzake wa kipindi hicho vilevile: Jacqueline Nyaminde mpaka leo ni Wilbroda, na Jacky Vike ni Awinja. Ukimpenda mwigizaji hivyo, akija na nguo mpya wewe unakaa unamsubiri yule wa jana, na mzaha wa leo unakupita kama boda isiyo na breki.

Dawa ya kwanza: ipe televisheni mgongo, uitazame kupitia kioo. Kushoto kutakuwa kulia, na waigizaji wako watakuwa wageni.

Dawa ya pili: ajiri mchekaji. Usidhani natania. Miaka ya 1950 fundi wa sauti Mmarekani, Charles Douglass, aliunda mashine iliyohifadhi vicheko vya watu, akawa anavipachika kwenye vipindi vya televisheni. Wewe huhitaji mashine. Mweke mtoto wa jirani chini ya dirisha, ukikohoa, acheke. Malipo ni mandazi mawili, apewe mwishoni, maana kicheko chenye mandazi mdomoni hakisikiki vizuri. Dawa hii nimeibuni mwenyewe, Douglass alinitangulia tu kuzaliwa.

Kuhusu mumeo, mchunguze. Mwanamume anayecheka mpaka akamwaga chai, huenda hakuipenda chai.

Naona nafasi inakwisha na mhariri ananikodolea macho, kwa hiyo shika hili. Kichekesho cha Seinfeld cha Marekani, sehemu yake ya majaribio ya mwaka 1989 ilioneshwa kwa watazamaji wa kupimia, wakaiona dhaifu. Kikaja kufika sehemu 180. Kichekesho ni kama mpangaji mpya uani: siku ya kwanza unamwona tu anaingiza godoro, baada ya mwezi akikohoa tu unacheka, kwa sababu unajua anakaribia kuomba chumvi. Tazama sehemu tatu. Uso ukibaki mkavu, zima ulale, na mumeo aendelee na chai yake.

Unataka kujua mfalme alifanyaje? Nililia "mee". Makofi yale sijayasikia tena.