Jipya la Yokohama

Jirani yangu hapa Nairobi hataki kusikia habari za gari lolote lililoko yadi. Anangoja modeli mpya. Imeshatoka, ila kwa sasa ina mwenyewe huko Yokohama, na mwenyewe hana haraka. Atalipeleka gari ukaguzi wa kwanza likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, mpaka gharama zimchoshe. Hapo ndipo litapandishwa meli kuja Mombasa, mradi halijavuka miaka 8 inayokubaliwa na sheria ya Kenya. Likishuka bandarini, litakuwa jipya kabisa.

Kwa hiyo jirani anamwombea heri mtu asiyemjua: asivute sigara ndani, asibebe mbwa, asigonge kingo za barabara.

Gari lake kuukuu nalo lazima lisogeze siku. Kila asubuhi boneti juu, rejeta inanyweshwa maji kwa kidumu kilichokuwa cha mafuta ya kupikia. Mlango wa dereva hufunguliwa kwa nje, mkono ukipitia dirishani. Taa ya injini imewaka muda mrefu hata ameibandika stika. Pesa alizoacha Kirinyaga Road kwa bushi, plagi na gasketi, mkewe hazitaji mbele ya wageni.

“Mzee, hii mashine bado,” fundi humwambia akifuta mikono. “Wewe subiri tu hiyo modeli.”

Fundi anaijua faida ya subira. Mtoto wake wa pili kaingia sekondari ya bweni.