Sifa za Aneksi ya Kamalondo

Shaba imesifiwa vya kutosha, na wachezaji wa TP Mazembe husifiwa kila wiki redioni. Aneksi bado haijapata mshairi. Nasema kile chumba cha tofali za kuchoma kilichobanwa kati ya nyumba kubwa na ukuta wa jirani, chenye bati lililolaliwa na mawe, dirisha moja linalotazama choo, na mlango usiofunguka wote kwa sababu ndoo ya mpangaji mwenzako iko nyuma yake. Mafundi wa mipango-miji hukiita ujenzi holela. Mwenye lupango, yaani kiwanja chenye nyumba na ua, akiulizwa na mgeni, husema ni stoo. Leo nakipa haki yake mbele ya watu wote wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, kutoka mtaa wa Njanja hadi mtaa wa Kitumaini.

Nianze na ukoo, maana msifiwa bila nasaba ni kama mtu wa kuokotwa. Aneksi ni mtoto halali wa sheria. Mwaka 1921 wakubwa wa Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, waliihamishia hapa cité, yaani makazi, ya Waafrika, wakaacha kati yake na mji wa Wazungu ukanda mtupu wa mamia ya mita. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu wa malaria asipate nguvu ya kuruka kutoka damu nyeusi hadi damu nyeupe. Mbu hakusomewa ile amri. Aliyesomewa ni mfanyakazi. Huyo alipewa lupango mdogo katika mistari iliyonyooka, uliopimwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja na kitanda chake, labda na mke. Mjukuu hakuwemo katika hesabu. Mjukuu akaja, akaja na binamu zake, na mahali pa kuwalaza palikuwa pamoja tu: nyuma.

Na mji wenyewe ulifanya vivyo hivyo. Ulipojaa, uliongeza komini ya Kenya, ukaongeza Katuba, ukaongeza Ruashi, mwisho ukajizungushia komini nzima inayoitwa Annexe. Anayemcheka papa wa lupango kwa chumba chake cha nyuma aanze kuucheka mji.

Maadui wa aneksi hupenda kunyanyua sheria, nami nainyanyua pamoja nao, kwa mikono miwili. Amri ya mipango-miji ya tarehe 20 Juni 1957 ilidai kibali kabla ya kujenga. Tarehe hiyo ni tamu sana. Waafrika wa Elisabethville walipiga kura ya kwanza ya kuchagua viongozi wa komini zao mwezi Desemba mwaka huohuo. Yaani tulipewa wajibu wa kuomba ruhusa ya kujenga miezi sita kabla ya kupewa karatasi ya kura. Wabelgiji wakaondoka, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Kongo ikawa Zaïre kisha ikarudi kuwa Kongo. Ruhusa ya kuomba ruhusa haikuhama hata hatua moja. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ikatamka kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia tu, akithibitishiwa kwa sertifika. Wengi waliisoma wakahuzunika. Aneksi peke yake iliichukua kwa moyo mkunjufu: kama ardhi ni ya sisi sote, mbona lupango mmoja ukae familia moja?

Sasa matendo yake. Mwaka 2003 kampuni ya madini ya Gécamines ilipoanza kuwaaga wafanyakazi wake zaidi ya elfu kumi katika ule mpango ulioitwa, kwa heshima kubwa, kuondoka kwa hiari, wengi waliondoka na pesa zilizokwisha kabla ya watoto kumaliza shule. Ni nani aliyewapokea wazee hao? Ni tofali za nyuma. Garanti, ile amana ya mpangaji, ililipa kliniki, kodi ya kila mwezi ikalipa minervali ya shule, na chumba cha pili kikamzika bibi kwa heshima. Aneksi ndiyo pensheni pekee katika mji huu ambayo mstaafu anaweza kuigongea mlango saa kumi na mbili asubuhi na kuidai ana kwa ana.

Ni shule pia. Ukuta wake ni wa tofali moja, na kupitia humo mtoto hujifunza Kibemba cha upande wa kushoto na Tshiluba cha upande wa kulia kabla hajajua kusoma Kifaransa. Mtu mzima hujifunza siri za ndoa zisizo zake, na hekima ya kutozisema. Jirani akikohoa usiku, unamjibu "pole, papa" bila kuinuka kitandani. Siku Mazembe wanacheza katika uwanja wao uliofunguliwa hapahapa Kamalondo mwaka 2011, mpangaji hahitaji tiketi: bao huingia kwa kupitia bati.

Na adabu! Alfajiri, foleni ya choo ina itifaki ambayo mabalozi wangeionea wivu. Kwanza mama mwenye lupango, kisha wazee, kisha wanafunzi wanaochelewa, kisha wapangaji kwa kufuata mwaka wa kuingia. Anayedaiwa miezi miwili hukaa mwisho na haulizi kwa nini.

Lakini kazi yake kuu ni amani ya warithi. Baba akifariki, kifungua mimba huchukua nyumba ya mbele, wa pili aneksi ya ukutani, kitinda mimba kile chumba cha karibu na choo, na shangazi anayetoka Likasi kwa msiba husahau kurudi. Bila vyumba hivyo lupango ungeuzwa kabla matanga hayajavunjwa. Yale maandishi makubwa ya rangi kwenye kuta zetu, "Parcelle à ne pas vendre", kiwanja hakiuzwi, hayakuandikwa kumwonya mgeni. Ndugu ndiye aliyemwandikia ndugu yake.

Tusisahau pia kwamba aneksi hulisha dola. Mwashi akiinua mstari wa tatu wa tofali, hutokea mtu wa mipango-miji, akifuatwa na mtu wa komini, na mtu wa usafi hachelewi. Rangi nyekundu huandika ukutani: "Arrêt des travaux", kazi isimame. Mazungumzo hufuata mpangilio usiobadilika:

"Papa, kibali kiko wapi?"

"Iko njiani, chef."

"Njia gani?"

"Tutasikilizana, chef. Ingia kwanza, unywe munkoyo."

Wanasikilizana. Baada ya hapo kazi huanza Ijumaa jioni, ofisi zikiwa zimefungwa, na Jumatatu asubuhi yale maandishi mekundu yako chini ya plasta, bati liko juu, na mpangaji ananing'iniza pazia. Wakandarasi wa barabara za nchi hii waje wajifunze mwendo huo.

Najua lawama zake. Wanasema ua uliokuwa ukinywa mvua sasa ni saruji tupu, hivyo kuanzia Novemba hadi Aprili maji huhamia kwa jirani. Najibu kwamba maji yanatembeleana, na ujirani mwema ndio huo. Wanasema gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye kichochoro. Najibu kwamba hatujapata kulizuia mlangoni. Wanasema shimo la choo limekaribiana mno na kisima. Hapa, kwa kweli, msifu ananyamaza kidogo, maana Lubumbashi inakijua kipindupindu, na kipindupindu hakisikii utani.

Ila nauliza jambo moja. Kati ya wote waliofika na rangi yao nyekundu, ni nani aliyekuja na futi? Kupima kutoka choo hadi kisima ni kazi ya dakika mbili. Kuonyesha mfereji upite wapi, kusema ukuta huu usogee hatua moja ili mgonjwa apite na machela, ni kazi ya mchana mmoja, na mwenye lupango angeisikiliza, kwa sababu ni watoto wake wanaokunywa yale maji. Swali linaloulizwa ni la karatasi. Karatasi haipitishi maji wala haiyazuii. Mji uliopimwa mwaka 1921 kwa ajili ya kuwatenga watu unaendelea kuulizwa kama watu wake wana ruhusa ya kuwepo, na shimo la choo linaendelea kukaa pale lilipo, bila kuulizwa chochote.

Nilitaka kuishia hapo, kwa kuogopa ile methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Aneksi ikisifiwa, huongeza ghorofa. Lakini sifa bila sanamu hazikamiliki, na napendekeza Kamalondo iisimamishie aneksi sanamu yake, ya tofali za kuchoma, yenye bati na mawe juu. Tatizo ni kwamba sanamu nayo inahitaji kibali cha kujenga. Basi tuiweke nyuma, kati ya choo na ukuta wa jirani, na mafundi waje Ijumaa jioni. Wa kwanza kuuliza kama inapangishwa atoe garanti ya miezi sita.