Pongezi kwa Tovuti Mpya ya Wastaafu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: HERUFI ZENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekiandika kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Naomba radhi kama huo ni ushamba. Nyie wenzetu mmeshahamia kwenye kijivu juu ya nyeupe, tena kijivu kile cha mbali, kama moshi wa jirani.

Hongereni. Kwenu mtu anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na macho ya kusomea huanza kugoma tangu arobaini na kitu. Wateja wenu karibu wote wana miwani mfukoni. Nanyi mkatafuta kijana ambaye hajawahi kufinya jicho, mkamkabidhi herufi.

Mpwa wangu hutengeneza tovuti, akaipima yenu. Anasema W3C, wanaoweka viwango vya tovuti duniani, tangu 2008 wanataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Yenu ni 2.3. Nikamwambia aache lawama, pengine mnabana matumizi ya wino.

Viwango hivyo vinataka pia maandishi yaweze kukuzwa hadi mara mbili bila kuharibika. Nikatanua vidole viwili juu ya simu, ukurasa haukutikisika. Nikailaumu simu. Kumbe kuna mstari mmoja kwenye programu ya tovuti unaokataza kukuza, na kuna mtu alikaa kwenye kiti, akauandika, akalipwa.

Halafu lile tangazo la uhakiki wa wastaafu. Lilichapwa kwenye kompyuta vizuri tu, likatolewa kwenye karatasi, likagongwa muhuri juu kabisa ya tarehe ya mwisho, likaskaniwa likiwa limepinda, likarudishwa mtandaoni kama picha. Mwenzangu mmoja haoni kabisa. Simu yake humsomea kwa sauti. Ilipofika hapo ikasema, "Picha." Akaniuliza ni picha ya nani.

Basi tunasomewa na wajukuu. Wangu yuko darasa la sita. Anajua neno langu la siri, anajua pensheni yangu hadi senti, na siku hizi nikisema sina hela ya chipsi ananitazama tu. Ile ahadi yenu ya kulinda taarifa binafsi, iliyo chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo kuliko zote, amenisomea yeye.

Nisiwe mnafiki, kuna ukurasa mmoja unaosomeka. Ni ule wa kulipia kitambulisho kilichopotea. Namba ya malipo ni nyeusi ti, nene, kubwa. Naisoma bila miwani simu ikiwa mezani nami nimesimama mlangoni. Kwa hiyo fundi mnaye. Naomba idara ya mapato imwazime japo wiki moja, azipitie na zile kurasa ambazo sisi ndio tunaowadai nyie.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mstaafu

Nakala: Mjukuu, kwa ajili ya kunisomea majibu.