Shangazi Nozeli na Mashine Zilizomeza Upepo

"Shikamoo shangazi." Ndivyo zinavyoanza barua zote zinazomfikia Shangazi Nozeli, na nyingi huendelea kama barua za ndoa. Zamani alikuwa anaamka vizuri, sasa hataki. Ananguruma kidogo kisha ananuna. Nimembembeleza, nimempiga teke, hasikii. Msomaji mgeni atadhani ni mambo ya chumbani, kumbe ni mashine. Shangazi Nozeli hushughulikia injini ndogo za dizeli tu: za kusaga, za kuvuta maji na za mashua. Na kabla hajagusa spana huwa na swali moja: upepo umeingilia wapi?

Mwenye kinu wa Kahama ndiye mwenye machungu zaidi wiki hii. Jumamosi mashine yake iliishiwa dizeli debe la mteja likiwa limesagwa nusu. Akanunua lita 10, akamimina, akazungusha hendeli mpaka mabega yakavimba. Wapi! Fundi wa jirani amekwisha kutoa hukumu kwamba pampu imekufa na inunuliwe nyingine. Mwenyewe ana wazo lake: "Shangazi, nimetafuta plagi niisafishe, sijaiona."

Wala hataiona. Dizeli haina plagi ya cheche. Tangu Rudolf Diesel alipofanikiwa kuendesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, mchezo ni uleule: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inachemka, kisha dizeli inanyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Injini ndogo za leo huibana hewa hiyo mara 16 hadi 22. Lakini nozeli, yaani mdomo unaonyunyiza dizeli hiyo, haifunguki kwa kubembelezwa. Inataka kusukumwa kwa mgandamizo unaozidi bar 100, yaani zaidi ya mara 40 ya upepo wa tairi la gari dogo.

Hapo ndipo hewa inapoharibu mambo. Dizeli haibonyei, kwa hiyo pampu ikiisukuma kidogo tu, nozeli inapata habari papo hapo. Hewa hubonyea. Anayebisha azibe kwa kidole mdomo wa pampu ya baiskeli kisha asukume: mkono unaingia, mkono unarudi, hakuna kilichotoka. Tangi la Kahama lilipokauka, mipira na paipu zilijaa hewa, na pampu imekuwa ikifanya kazi hiyohiyo ya bure tangu Jumamosi. Haijafa. Asinunue.

Atoe upepo, na autoe kwa kufuata njia ya dizeli kutoka tangini kwenda kwenye nozeli. Mafundi wengi huanzia kwenye nozeli kwa sababu iko mbele ya macho, halafu wanashangaa mikono inawauma. Kwanza afungue koki ya tangi na kufuta vumbi la unga juu ya filta, maana uchafu ukiingia humo ataandika barua nyingine. Kisha alegeze skrubu ndogo iliyo juu ya filta. Litatoka povu, vitafuata viputo kimoja kimoja, halafu dizeli safi itatiririka. Aikaze ikiwa bado inatiririka. Akisubiri ikome, hewa inarudi mlangoni. Arudie hivyohivyo kwenye skrubu ya pampu. Mwisho asukume mkono wa mafuta hadi juu, alegeze nati ya paipu ya chuma inayoingia kwenye nozeli, mara nyingi ni spana namba 17, anyanyue kile kishikizo kinachoachia mgandamizo, na azungushe hendeli taratibu. Dizeli ikianza kuruka bila povu, akaze.

Sasa atege sikio. Akizungusha tena, nozeli itatoa sauti kavu, kriik, kama mlango wa zamani, mara moja kila inaponyunyiza. Bila sauti hiyo asijisumbue kuachia kishikizo. Akiisikia, azungushe kwa kasi, aachie, na awaite wenye madebe.

Nahodha mmoja wa Lamu ana shida yenye ujanja zaidi. Mashine ya mashua yake inawaka kwa mkupuo wa kwanza, inakwenda robo saa, kisha inafifia na kuzima mashua ikiwa katikati ya mlango wa bahari. Hutoa upepo, inawaka, baada ya robo saa inazima tena. "Nimekagua kila kiungo, shangazi. Hakuna hata tone linalovuja."

Shangazi anaamini kabisa kwamba hakuna tone. Tangi la mashua liko chini, pampu iko juu, kwa hiyo dizeli inavutwa. Mpira unaovuta ukipasuka hautoi dizeli nje, bali unaingiza hewa ndani, na haumwachii mwenyewe alama yoyote. Kwa tangi lililo juu ya injini, kama la kinu cha Kahama, ufa huohuo ungelowesha sakafu na kugunduliwa siku ya kwanza. Nahodha amekuwa akifukuza wageni kila siku huku mlango uko wazi.

Atwae dumu la dizeli, alining'inize juu kuliko injini, na aunganishe mpira wake moja kwa moja kwenye pampu, afanye hivyo akiwa amefunga gatini. Mashine ikienda saa nzima bila kununa, ubovu uko kati ya tangi la zamani na pampu. Hapo akague klipu zilizolegea, mpira uliokakamaa kwa jua, raba ya filta iliyokaa upande, na hasa washa za shaba. Shaba ikibanwa mara moja huwa ngumu na haizibi tena. Mpya ni bei ya andazi. Asiye nayo aichome ya zamani mpaka iwe nyekundu, aitie majini, italainika. Asisahau kifuniko cha tangi pia. Tundu lake la kupumulia likizibwa na chumvi, pampu inavuta mpaka inashindwa, na dalili zake zinafanana sana na hizi. Akilegeza kifuniko na mashine ikashusha pumzi, ugonjwa ni huo.

Barua ya Morogoro imetoka kwa fundi bomba aliyeombwa na shemeji yake kuunga njia ya dizeli ya pampu ya bustani. Ameunga kama anavyojua: bomba la mabati, utepe mweupe kwenye kila uzi, na kipande cha mpira wa kumwagilia maua. Ni kazi safi sana, kwa maji. Zinki iliyopakwa kwenye mabati hukutana na tindikali zilizomo kwenye dizeli na kuzaa uchafu kama sabuni unaoziba filta. Nyuzi za utepe hukatika na kusafiri hadi kwenye nozeli. Mpira wa maua hulegea mwanzoni, kisha hupasuka. Shemeji anunue mpira uliotengenezwa kwa ajili ya dizeli, na udugu utabaki.

Mama wa Mbeya anauliza kama ni sawa mumewe kuziba nozeli kwa kidole ili "asikie kama inapuliza." Hapa Shangazi hatanii. Mnyunyizo ule hupenya ngozi, na tundu linaloachwa ni dogo kama la sindano, pengine bila maumivu mwanzoni. Dizeli iliyoingia nyamani huweza kumpotezea mtu kidole au mkono. Likitokea, aende hospitali saa ileile na aseme wazi ni dizeli ya mgandamizo, asisubiri uvimbe.

Kijana wa Kitui anayechanganya mafuta ya taa "ili iwake haraka" ajue kuwa pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Uchakachuaji wa namna hiyo ndio ulioifanya Kenya mwaka 2018 iweke tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Huyu pampu yake huenda imekufa kweli.

Wanaoandika kwa ajili ya toleo lijalo wanaombwa wasianze na tabia ya mashine, wala na kilichosemwa na fundi wa jirani. Waeleze kwanza kama tangi liko juu ya pampu au chini yake.